Nesi na Treni Iliyoacha Kusimama

Nesi hakuipenda treni. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi waliosikia habari za kampeni yetu walidhani ni mwanamke aliyezaliwa na mapenzi ya reli, wa kufurahi akisikia honi. Haikuwa hivyo. Treni ilimtapisha. Harufu ya breki, harufu ya vyoo vya mabehewa, kuku waliofungwa miguu chini ya viti, vyote vilimgeuza tumbo. Akishuka Mpanda mjini alikaa kwanza kwenye benchi la stesheni, kichwa kati ya magoti, na aliyepita kumpa pole alijibiwa vibaya.

"Aliyeitengeneza hii kitu hakuwa na tumbo," alikuwa akisema.

Tuliishi kijiji kimoja cha porini, kwenye njia ya reli inayokwenda Kaliua, na jina lake sitalitaja kwa kuwa waliobaki pale wana shida za kuwatosha. Kulikuwa na stesheni ya chumba kimoja, shule ya msingi niliyofundisha mimi, na zahanati yenye vitanda viwili. Kwa karatasi Nesi hakuwa nesi. Alikuwa mhudumu, mtu wa kufagia, kuchemsha vyombo na kuita majina. Lakini wataalamu waliopangiwa zahanati ile walifika, wakaona popo na barabara, wakaomba likizo, wasirudi. Kila aliyeondoka alimwachia funguo. Mwishoni funguo zote zilikuwa kiunoni kwake, na wanawake wa vijiji vitatu walizalia mikononi mwake.

Alikuwa na mdomo mkali. Mama aliyechelewa kuja kliniki alisimamishwa mlangoni mbele ya wenzake na kuulizwa kama mimba ni ya kwake au ameazimwa. Wanaume aliwaogopesha zaidi. Kuna mrina asali mmoja, Mkonongo kwa kabila, mzee mwenye heshima zake, ambaye siku moja alimleta mke wa mwanawe kwa baiskeli akiwa tayari na uchungu. Nesi alimpokea binti, kisha akamgeukia mzee: "Mizinga yako unaijua yote, mti kwa mti. Mwezi wa huyu mtoto ulishindwa kuujua?" Mzee alicheka kwa aibu. Toka siku hiyo alimletea asali kila mavuno, naye akawa rafiki yake pekee ninayemjua.

Ukali huo ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ratiba. Kiangazi, mgonjwa angeweza kufika Mpanda kwa bodaboda, akiumia lakini akifika. Masika mto ulifunika daraja la miti na barabara ikafa mpaka maji yapungue. Treni ndiyo iliyobaki. Mara mbili kwa wiki ilipita asubuhi ikishuka Mpanda, ikasimama dakika chache. Ukutani zahanati alikuwa na kalenda, ile ya bure ya dukani. Kila mama aliyekaribia aliandikwa pale, na siku za treni zilizungushiwa duara. Mwembamba wa nyonga, aliyepasuliwa uzazi uliopita, mwenye miguu iliyovimba, wote hao aliwasafirisha mapema, wakisubiri kwa ndugu zao mtaa wa Nsemulwa au kwenye nyumba ya wajawazito karibu na hospitali. Waliogoma aliwafungia vitu vyao mwenyewe, akawasindikiza mpaka behewani kama askari na mahabusu.

Wapo ambao hawakukaribia taratibu, walioanza kutoka damu asubuhi ile ile. Siku moja nilimwona na mmoja wa namna hiyo. Machela ilikuwa bado iko njiani kutoka zahanati, wanne wameibeba wanakimbia, na mkaguzi wa treni ameshainua bendera. Nesi alikwenda akakaa kwenye ngazi ya behewa, miguu yake yote miwili ikining'inia nje, akafungua karanga zake akaanza kula.

"Mama, toka hapo, treni inaondoka," mkaguzi alimwambia.

"Iondoke. Mtaeleza huko mjini miguu hii ni ya nani."

Walisubiri. Yule mama alijifungua Mpanda kwa kupasuliwa. Mtoto wake nilimfundisha kusoma.

Simtaji kama mtakatifu. Alinyima watu dawa kwa hasira. Mwanamke mmoja alikwenda kwa mganga wa kienyeji kwanza, akaja zahanati mtoto ameshalegea, mtoto akafa, na Nesi hakwenda kwenye msiba. Ilimlazimu kupita mbele ya nyumba ya wafiwa kwenda kisimani, akapita na ndoo yake bila kugeuza shingo. Nilimuuliza sababu. "Nikiingia pale nitasema," alinijibu, "na wao hawahitaji kusikia ninachotaka kusema." Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa ukatili au huruma. Alipenda pia kusifiwa na wakubwa, jambo lililonishangaza kwa mtu kama yeye. Mganga mkuu wa wilaya aliwahi kumpa mkono mbele ya watu, na Nesi alimtaja kwa miaka. Aliamini kwamba juu huko, juu kabisa, wako watu wenye akili, na kwamba mabaya yote yanafanywa na wa katikati ambao hawafikishi habari.

Imani hiyo ndiyo iliyotuponza.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa stesheni siku ya kawaida tu, karatasi moja yenye muhuri. Kwamba kutokana na uchache wa abiria, baada ya miezi miwili treni haitasimama tena kwenye stesheni yetu. Stesheni masta alilibandika mwenyewe na wiki ile ile akafunga godoro lake, maana na yeye alikuwa amehamishwa. Watu walilisoma, wakalisoma tena, wakaenda mashambani. Nesi alilichomoa ukutani akaja nalo darasani kwangu, nikiwa na watoto wa darasa la nne.

"Mwalimu, wewe una mwandiko mzuri. Kaa hapa uandike."

"Mama, nina kipindi."

"Hawa watoto mama zao nimewazalisha mimi. Watasubiri."

Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa katibu wa kamati. Yeye alikuwa mwenyekiti, mrina asali mjumbe, na mjumbe mwingine alikuwa mwenye duka, Mwislamu mpole aliyeleta mzigo wake wote kwa treni na aliyeona mbele kuliko sisi. Aliniambia siku ya kwanza kabisa, "Mwalimu, hawa wameshaamua. Sisi tunaandika ili tusije kulaumiana." Lakini alikuja vikaoni, na chai ilitoka kwake.

Barua niliandika mimi. Nesi alitaka iwe na majina ya wanawake wote waliopona kwa sababu ya treni, na aliyakumbuka yote, akitaja na mwezi, na shida ya kila mmoja. Tulikaa michana miwili kwenye benchi la zahanati, yeye akitaja, mimi nikiandika. Nilipouliza kama ni vizuri kuandika siri za watu, aliita wenye siri. Walikuja. Wote walikubali. Kisha zikafuata sahihi, na kwa kuwa wengi hawakujua kuandika na wino wa muhuri hatukuwa nao, alitoa ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, jivii, akaimimina kwenye kisahani chenye pamba. Kijiji kizima kilipita. Kwa siku kadhaa ungekutana na mtu njiani, akikupungia mkono unaona dole gumba la zambarau.

Halafu akaja na wazo lake. Tangazo limesema abiria ni wachache, basi waongezwe. Treni ilikuwa na miezi miwili ya mwisho ya kusimama. Kila siku ya treni, watu wa kijiji walipanda, wakakata tiketi ya stesheni inayofuata kwa mkaguzi, wakashuka, wakarudi kwa miguu wakifuata reli, mwendo wa asubuhi nzima. Wakulima, wanakwaya, wazee. Mrina asali alikuwa akitafuta miti ya mizinga njiani, akaiona kampeni kuwa na faida. Nesi alipanda kila safari. Alipanda na mfuko wa plastiki mkononi, akatapika, akashuka, akasuuza mdomo, akaanza kutembea juu ya mataruma na magoti yake mabovu, akiwafokea walio mbele kwa kwenda haraka.

Mimi nilikwenda Jumamosi. Sijawahi kuona watu wenye furaha vile wakifanya kitu kisicho na maana. Tuliimba. Mtu mmoja alibeba tiketi zake zote kwenye kofia kama manyoya. Njiani nilimuuliza Nesi kama anafikiri itasaidia.

"Watahesabu," alisema. "Juu huko wana watu wa kuhesabu. Wataona."

Hakuna aliyehesabu. Au alihesabu mtu akaweka kwenye droo. Lakini barua ilijibiwa, na jibu likawa kwamba afisa mmoja atakuja kusikiliza wananchi. Nesi alifua sare yake nyeupe, akaianika, akaipiga pasi ya mkaa mara mbili. Alinishika mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Unaona? Imefika juu."

Hapa inabidi nijiseme na mimi.

Siku mbili kabla ya mkutano, mkubwa wangu wa kazi aliniita ofisini kwake. Alinipa kiti, akaniuliza mke wangu anaendeleaje. Mke wangu alikuwa Mpanda na mtoto wetu mdogo mwenye ugonjwa wa selimundu, na mimi nilikuwa nimeomba uhamisho miaka mingi mpaka nikaacha kuomba. Mkubwa wangu alifungua faili. Maombi yangu yalikuwa juu kabisa.

"Hili linawezekana," alisema. "Nimeliona, likanigusa. Ila nasikia sikia kuwa umejiingiza kwenye mambo ya uchukuzi. Mwalimu afundishe. Huyo mama ana ajira gani ya kupoteza? Wewe una familia."

Hakunitisha. Hakusema fanya hivi au vile. Nimekuwa nikitafuta tangu siku ile neno moja baya alilosema, nilitumie kujitetea, sijalipata.

Afisa alikuja kwa gari, hakuja kwa treni. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, mchana. Alikuwa kijana, mstaarabu, aliyewaamkia wazee vizuri. Alizungumza kuhusu changamoto na mchakato, na kila alichosema kilikuwa kitamu na hakishikiki. Kisha akampa Nesi nafasi. Nesi alisimama na sare yake. Alisema habari za mto, za masika, za wanawake. Alisema vizuri, ila alirudia rudia, kwa sababu ushahidi wote alikuwa ameuacha kwangu, na alitegemea mimi nije baadaye kuusoma.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa.

"Asante sana mama yangu. Nimekuelewa. Ila niulize wananchi: haya ni ya wote, au ni ya mama peke yake? Maana sisi huko tulipo tumeambiwa kuna mtu mmoja hapa anawasumbua wenzake kuwapandisha treni bila safari."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kuogopa. Nesi hakucheka. Alinigeukia.

"Mwalimu, soma."

Begi lilikuwa mapajani mwangu. Ndani kulikuwa na majina yote na madole yote. Mkubwa wangu alikuwa amekaa meza kuu, hakuniangalia hata, alikuwa anafuta miwani yake. Nilisimama. Nilisikia sauti yangu ikisema:

"Zile karatasi, samahani, nimezisahau nyumbani."

Nyumba yangu ilikuwa hapo hapo, nyuma ya darasa la saba. Mtoto yeyote angeweza kukimbia akazileta. Afisa alinitazama, akatazama begi, na naamini alielewa kila kitu, akanihurumia au akanidharau, sijui. "Hamna shida mwalimu, utatutumia," alisema, akaangalia saa yake. Mwenye duka aliinuka kusema, akaambiwa muda umekwisha. Mrina asali hakuwa mtu wa kuzungumza mbele ya watu. Walipiga picha ya pamoja na sisi, wakaondoka kabla ya mvua.

Nesi hakunitukana. Nilimngojea anitukane; mdomo ule ulikuwa umewatukana wanaume bora kuliko mimi kwa makosa madogo. Alibeba kiti alichotoka nacho zahanati, akakirudisha.

Barua yangu ya uhamisho ilitoka mapema kuliko nilivyotarajia. Treni iliyonichukua na vyombo vyangu ilikuwa moja kati ya za mwisho kusimama pale. Nesi alikuwepo stesheni, alikuwa akimpandisha mama mmoja. Alimwekea mto mgongoni, akanipita mlangoni, akashuka.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mrina asali, ambaye huja mjini kuuza asali na hupita kwangu. Hunieleza bila kunilaumu. Treni ilianza kupita bila kusimama. Kwa desturi ilipiga honi, na watoto waliikimbilia kama zamani, halafu wakasimama. Nesi aliendelea na kalenda yake, akitafuta bodaboda, akiwapeleka akina mama mapema zaidi, hata wiki nyingi kabla, na wengi wao wakatoroka wakarudi nyumbani maana hakuna wa kulisha watoto waliowaacha. Kiangazi kilipita hivyo. Masika ikaingia.

Aliyepatwa alikuwa yule yule mke wa mwana wa mrina asali, mimba ya tatu. Alikuwa amepangwa kwenda mjini Alhamisi, maji yakipungua. Damu ilianza Jumatatu, na Jumatatu ilikuwa siku ya treni.

"Nesi alitoa shuka kitandani," mzee aliniambia. "Jeupe. Akasimama kwenye reli, katikati. Mimi nikamwambia, Nesi, itakuua. Akasema, haiwezi, dereva ana macho. Tukamweka binti pembeni pale kwenye jukwaa. Treni ikaja. Ikapiga honi, ikapiga, ikapiga. Kweli ilipunguza, mwalimu, sikudanganyi, ilipunguza mpaka nikamwona dereva uso. Nesi akatoka relini, akadhani inasimama. Akaanza kuinua machela. Basi ikavuta mwendo, ikaenda."

Dereva alikuwa na amri yake. Simlaumu sana, mimi sikuwa hata na amri.

Walimbeba binti kwa machela mpaka mtoni. Maji yalikuwa kifuani. Alifia ukingoni kabla ya kuvushwa, na mtoto tumboni. Mrina asali anasema Nesi alimfunga kwa lile lile shuka, akakaa naye mpaka watu walipokuja, na mazishini alikwenda, akaingia ndani kwa wafiwa, akakaa chini na wanawake, hakusema neno hata moja. Mwezi uliofuata alikabidhi funguo.

Miaka imepita. Mtoto wangu anatibiwa karibu, anasoma, naweza kusema anaendelea vizuri, na kila nikimwangalia nashindwa kusema nilikosea, na nashindwa kusema sikukosea. Kijiji kile kimepungua. Mwenye duka alihamia Sibwesa. Jukwaa la stesheni limeota majani.

Mwaka huu nilikwenda hospitali kupima macho. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wazee, na kwenye benchi la ukutani nikamwona. Alikuwa amekonda. Macho yote mawili yalikuwa na utando wa maziwa. Nilikuwa nimesikia kwamba anaishi Ilembo, hapa hapa mjini, kwa binti wa dada yake, lakini sikuwahi kwenda. Nilikaa nafasi iliyokuwa wazi kushoto kwake. Kulia kwake alikaa mwanamke mnene mwenye mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi mwalimu."

Hakushtuka. Aliuliza mtoto wangu yuko darasa la ngapi, nikamjibu. Aliuliza kama anakunywa maji ya kutosha, maana wagonjwa wa selimundu wakikaa na kiu wanaumia. Nikasema anakunywa. Alitikisa kichwa kama mtu aliyemaliza kuandika kwenye kadi. Basi nikaona bora niseme.

"Mama, zile karatasi siku ile hazikuwa nyumbani."

"Najua. Zilikuwa mapajani."

"Nimekaa nalo hili miaka yote. Nilikuwa naogopa. Mtoto alikuwa..."

"Mtoto wako najua alikuwa anaumwa. Nilikuwa najua kabla yako, mimi ndiye niliyekwambia mkampime. Sasa unataka nikuambie nini, mwalimu? Kwamba yameisha?"

"Sijui, mama. Nataka tu ujue."

"Nimejua. Mwenye kuweza kukuambia yameisha yuko kule mtoni."

Mwanamke mwenye mtoto alijifanya anarekebisha mbeleko. Nesi alibaki ameelekeza uso mbele, mikono imekaa juu ya magoti, na mimi nilibaki pale kwa sababu kuondoka kungekuwa vibaya zaidi.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi kijana akaita jina lake, lile jina lake kamili ambalo kule kijijini hakuna aliyelitumia. Akajiinua kwa shida. Alisimama akayumba, akanyoosha mkono hewani kutafuta pa kushika. Nikainuka haraka nikampa wangu. Vidole vyake vilishika mkono wa shati langu, vikapapasa kidogo mpaka kwenye kifungo, vikaachia. Akageukia upande wa pili.

"Mwanangu," alimwambia yule mwanamke asiyemjua, "hebu nishike unipeleke."

Mwanamke aliinuka na mtoto wake mgongoni, akamshika begani, wakaenda polepole mpaka mlangoni. Mimi nilikaa, na jina langu lilipoitwa sikulisikia.